Kabla hujalaumu nyaya, angalia ulivyoipoza

Mdogo wangu, unauliza kwa nini fuwele ileile ya kappa-(BEDT-TTF)2Cu[N(CN)2]Br, chumvi ya kikaboni, yenye deuteri (hidrojeni nzito) jana ilipitisha umeme vizuri kwenye kelvini 20, na leo ukinzani umepanda. Kabla hujalaumu nyaya: uliipoza kwa kasi gani?

Molekuli za BEDT-TTF zina ncha za ethileni ambazo kwenye joto la chumba hupinduka huku na huku. Karibu na kelvini 80 zinaganda. Ukishuka haraka zinaganda ovyo ovyo, latisi, yaani mpangilio wa molekuli kwenye fuwele, inabadilika kidogo, na elektroni zinaruka kwa shida kutoka molekuli moja hadi nyingine. Chumvi yako iko ukingoni mwa kihami cha Mott, yaani kitu kisichopitisha umeme kwa sababu elektroni zake zinasukumana hadi kila moja inakwama mahali pake, basi kidogo hicho kinatosha. Dada yake, chumvi yenye klorini badala ya bromini, ni kihami, lakini mgandamize kwa bari 300 hivi tu, anapitisha umeme bila ukinzani karibu na kelvini 13!

Ipoze toka kelvini 90 hadi 60 kwa kelvini 0.1 kila dakika. Ni saa tano, beba chai. Na usiibandike yote kwa gundi ngumu. Gundi na kibao unachoibandikia havisinyai sawa na fuwele, vitaivuta.