Makisi alikuja na kadi yake

Ndugu wahariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hivi: ungekubali kumchukua mbwa mkubwa, aliyekwisha kukua, kutoka kituo cha kuokoa mbwa, au ungetaka kitoto cha mbwa umlee mwenyewe? Nililisoma nikiwa zamu ya usiku, nikalirudia asubuhi nilipofika nyumbani. Jibu langu ni ndiyo, chukueni mbwa mkubwa. Nimekaa na mmoja miaka minne hapa Ujiji.

Kigoma mimi sijaona kituo cha namna hiyo. Kwetu mbwa mkubwa huletwa na uhamisho. Hapa ni mwisho wa reli. Mtu akimaliza kazi iliyomleta anaondoka, na vingi alivyokuja navyo vinabaki. Mtumishi anapata barua, anauza kitanda na friji, kuku anawagawa kwa majirani, mbwa anamwachia mlinzi. Mkataba wa mlinzi nao ukiisha, mbwa anabaki na geti. Mwezi haupiti ameshaitwa koko, analala chini ya miembe ya barabarani, na siku ya msako wa mbwa wanaozurura hana wa kumtetea. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini sijamwona aliyeulizwa mbwa wake yuko wapi anapopanda treni.

Makisi, mbwa wangu huyo, aliepuka hayo kwa sababu mtu aliyekuwa naye kabla yangu alikuwa muungwana. Alikuwa mhandisi kwenye kazi za barabara, akahamishiwa Dodoma mwaka 2018, na nyumba aliyopata huko ilikuwa ya ghorofa. Tulifahamiana zahanati, nilipomfunga kidonda cha mguu. Hakunitupia mbwa. Alikuja naye jioni mara tatu, tukakaa barazani tukazungumza, mbwa akatuzoea huku yeye yupo. Mara ya nne alikuja na bahasha. Ndani yake mlikuwa na kadi ya chanjo, na juu ya kadi jina Max. Watoto wa mtaa wakamwita Makisi, naye akaitika.

Mhandisi mwenyewe hakumlea tangu utotoni. Alimchukua kituo kimoja huko Arusha, ambako walimkadiria kwa meno kuwa na miaka miwili. Walikuwa wameshamhasi na kumchanja, na walikaa naye muda wa kutosha kumjua. Walimwambia: huyu hachagui mtu, anampenda kila anayemwona, ila mwangalie kwa watoto wadogo maana hajui uzito wake. Maneno hayo mhandisi alinirudia mimi neno kwa neno, na hapo ndipo ninaposimama ninaposema mbwa mkubwa ni bora. Kitoto cha mbwa hujui atafikia kimo gani wala atakuwa na moyo gani. Mbwa mkubwa ameshakuwa alivyo, na akipita mikononi mwa watu wakweli, unaambiwa.

Tulimpima kwenye mizani ya magunia ya dagaa, akawa kilo 43.

Siku tatu za kwanza alilala mlangoni, akinusa chakula na kukiacha. Wiki ya tatu alishajua nani anarudi saa ngapi na kwa njia ipi, na ugali wa dona kwa supu ya dagaa alikuwa anaumaliza hadi sufuria inasogea. Kama mnauliza iwapo mbwa wa umri ule anaweza kuzoea watu wapya, anaweza.

Lakini hilo silo lililonikosesha usingizi baada ya zamu. Mimi nataka kusema habari ya mtaa.

Naanza na mama mkwe wangu, maana najua wengi watadhani tatizo lilitokea kwake. Tunaishi naye, ni mtu wa swala tano, na sisi tunafuata madhehebu ya Shafii: mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Tulipomwomba idhini alisema mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, alale nje, asikanyage mkeka wake. Wiki ya pili Makisi akatia mdomo kwenye kopo la udhu. Mama hakupiga kelele. Alichota udongo chini ya mwembe, akaosha na kusuuza akihesabu kwa sauti, na mbwa amekaa pale anaufuata mkono wake kwa macho. Alipofika saba akaniambia, "Mwanangu, kopo langu limetakata. Sasa mtafutie na yeye lake." Kisha akanikumbusha yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyemkuta mbwa anakula udongo mbichi kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake na kumnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Kwa hiyo dini haikutusumbua. Kilichotusumbua ni mapenzi ya mbwa mwenyewe.

Kwetu mbwa ni wa kuogopwa. Maneno "Mbwa Mkali" huandikwa getini hata pasipo na mbwa. Anayebweka anaeleweka: watu wanajua wapite umbali gani, naye anajua kazi yake. Makisi hakubweka. Aliwafuata watu. Alikuwa na tabia ya kujiegemeza: anakuja ubavuni kwako, anakulalia pajani kwa uzito wake wote, anafumba macho. Mimi niliyemzoea niliona raha. Muuza maziwa aliacha kupita kwetu. Na nyumba zetu hazina uzio, uwanja wa huyu ndiyo njia ya yule, hivyo mbwa wangu alikuwa mbwa wa kila mtu bila mtu yeyote kuulizwa.

Ilikuwa Novemba mwaka 2019, mvua zimeshaanza, saa kumi na nusu alasiri. Mtoto wa nyumba ya tatu, mvulana wa miaka sita, alikuwa anatoka madrasa na kitumbua mkononi. Makisi akainuka kwenda kumsalimu kama alivyomsalimu kila mtu. Mtoto akakimbia. Kwa mbwa, anayekimbia anaita mchezo. Akamfuata, akampandishia miguu mabegani, mtoto akaanguka kifudifudi, kidevu kikagonga mzizi wa mwembe. Nilikuwa mlangoni. Niliona yote na sikuwahi kufika. Ukucha ulimchana kuanzia begani hadi karibu na kiwiko, na kidevu kikafunguka, damu ikachanganyika na tope. Mtoto akapiga ukelele: nimeumwa na mbwa!

Sijui kama mliowahi kuishi kwenye nyumba zilizozungushiwa ukuta mnaelewa jinsi mtaa unavyotoka. Kabla sijamfikia mtoto palikuwa na watu kama ishirini. Mmoja alikuja na mchi, alikuwa jikoni kwake anatwanga. Wawili wana panga. Wengine wanaokota mawe, na mawe kwetu ni mengi. Makisi alitazama umati ule wote, mkia ukaanza kwenda huku na huku. Alidhani wamemjia yeye. Akatembea taratibu, kichwa chini, akaenda moja kwa moja kwa yule mwenye mchi, akajiegemeza kwenye mguu wake na kufumba macho.

Yule mtu alibaki na mchi juu. Mpaka leo nikikutana naye sokoni naukumbuka mkono wake. Hakuushusha kwa nguvu. Hakuushusha kabisa mpaka mtu mwingine alipomshika bega.

Mimi nilimbeba mtoto hadi bombani. Sabuni ya mche na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano nikitazama saa. Nilijua ni kucha na mzizi, sikuona jino, lakini nisingeweza kuapa kwamba ukucha ule haukuwa na mate. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna tena dawa. Kinachookoa ni kuosha mapema na kuchanja. Wakati namwosha, baba yake alifika kutoka Kibirizi, bado ananuka dagaa, amekimbizwa na bodaboda.

"Nesi," aliniambia, "mimi na wewe hatuna ugomvi. Namtaka mbwa."

Nilikuwa na mtoto wake mikononi na sikuwa na la kusema. Aliyetoka ndani ni mama mkwe, na bahasha ameikumbatia kifuani. Mama anasoma Kiarabu tu, lakini aliijua ile bahasha ilipokaa. Akampa yule baba na kumwambia, "Soma, mwanangu. Soma kwa sauti wasikie." Akasoma, mvua ikianza kumdondokea. Mihuri ya kwanza ya Arusha. Kisha mwaka hadi mwaka, hadi ya mwisho, Septemba ileile, tulipompeleka kwenye chanjo iliyotolewa karibu na tarehe 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Alisoma tarehe zote. Sauti yake ilianza kwa hasira, na kufikia muhuri wa mwisho alikuwa anasoma kama mtu anayesoma barua ya nyumbani kwake. Watu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja.

Mtoto alichanjwa hata hivyo, kwa sababu ngozi ilikuwa imechanika na hatukutaka kubahatisha: siku ileile, siku ya tatu, siku ya saba, na kuendelea kama alivyopangiwa. Gharama na nauli nilibeba mimi. Na mbwa alitakiwa kufungwa na kutazamwa siku kumi, maana mbwa ambaye mate yake yana virusi wakati anapomjeruhi mtu hamalizi siku kumi bila kuugua au kufa. Baba wa mtoto alikubali, kwa sharti kwamba atakuja kumwona mwenyewe kila jioni.

Tukamfunga kwa mnyororo kwenye mwembe wa nyuma. Sikutaka watoto wamguse, nikawakataza. Chakula nilimsukumia kwa fimbo. Mnyama ambaye maisha yake yote alitaka ubavu wa mtu akawa hana ubavu, akajiegemeza kwenye mwembe. Kufikia siku ya tano manyoya ya upande ule yalikuwa yameisha kwa kusuguana na gome. Mama alitandika mkeka wake hatua kama nane kutoka pale, akakaa na tasbihi tangu alasiri hadi magharibi, hamsemeshi, hamkaribii. Baada ya isha baba wa mtoto anakuja na tochi, anammulika macho, anauliza, "Amekula?" Tunasema amekula. Anaondoka. Siku kumi, hakukosa hata moja.

Siku ya kumi alikuja na mtoto, kidevu kina plasta. Walisimama mbali. Mtoto akamuuliza baba yake kama mbwa anamkumbuka, baba hakujibu. Akaniambia, "Mfungue. Ila asipite tena njia yetu."

Na hakupita. Nilijenga uzio wa mianzi nyuma ya nyumba, Makisi akaishi humo karibu miaka mitatu. Alituona sisi watano na bwana mifugo. Mwaka 2022 nilimchukua mara kadhaa shambani upande wa Uvinza, nikidhani namfurahisha, na kule porini kuna mbung'o. Macho yake yaliingia ukungu wa buluu. Nilidhani ni uzee. Bwana mifugo alipotuambia ni nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, tulikuwa tumeshachelewa, akafa wiki ileile. Yuko chini ya mwembe uleule.

Nimesoma nilichoandika pale mwanzo, "chukueni mbwa mkubwa", na mkono unasita kukiacha kama kilivyo. Kituo cha Arusha hakikukosea. Mhandisi hakukosea. Waliniambia kila kitu, na kadi yao iliokoa roho ya mbwa. Aliyekosea ni mimi, niliyeambiwa kwamba huyu anampenda kila mtu nikafurahi, nisifikirie kwamba kila mtu ni nani. Mbwa mkali angeishi mtaani kwetu kwa amani kuliko yeye.

Kwa hiyo nikijibu leo, kwa mtu wa Ujiji, au Gungu, au popote ambako uwanja ni njia ya watu: hapana, usimchukue mbwa mkubwa mwenye mapenzi ya namna ile. Mwenye uzio tayari, mwenye bwana mifugo anayepokea simu, mwenye mtu mzima anayeshinda nyumbani, huyo sawa, na achukue mkubwa badala ya kitoto. Asiye na hivyo asubiri. Hata hivyo sisemi ingekuwa bora kwa Makisi abaki na geti la watu. Ile miaka yake nyuma ya mianzi siwezi kuipima dhidi ya chini ya miembe ya barabarani, nimejaribu usiku mwingi.

Kuna dada mmoja tunayefanya naye kazi, amepata uhamisho wa Tabora. Ana mbwa jike, mkubwa, wa miaka saba. Juzi alinionyesha picha yake kwenye simu: amemwegemea mlinzi, amefumba macho. Hakuniomba chochote. Nimemwambia aje na kadi ya chanjo kazini, niione. Na Jumamosi, baada ya alasiri, nitapita nyumba ya tatu, nimuulize kwanza baba wa yule mtoto.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma