Ninachoogopa wakijua wa nyumbani

Swali lenu la wiki hii: kuna jambo gani umewaficha watu wa nyumbani, na unaogopa nini hasa wakilijua?

Jambo lenyewe halina urefu. Mimi ni kwia, yaani mtu ambaye jinsia au mapenzi yake hayafuati desturi, na moyoni sijioni mwanamke wala mwanamume, ingawa nimelelewa kama binti, Kibokoni, Mji wa Kale, hapa Mombasa. Sehemu ya pili ya swali ndiyo iliyonifanya niandike.

Wengi wanadhani watu kama mimi tunaogopa kufukuzwa tu. Kufukuzwa naogopa, ndiyo. Lakini nina kazi, naandika hesabu katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na wakinitoa leo nitapata chumba Kisauni au Mtwapa. Kinachoninyima usingizi ni mamangu. Mtaani kwetu nyumba zimebanana, na habari hailali ilikozaliwa. Hii itakuwa habari ya mamangu kabla haijawa yangu. Yeye ndiye atakayeulizwa alinilea vipi. Yeye ndiye atakayeingia ukumbini mazungumzo yakakatika. Na dadangu mdogo ana posa inayozungumzwa. Wale watu wakisikia, watarudi?

Arusi ndizo zinazonimaliza. Kwetu arusi huwagawa watu mafungu mawili, wanaume msikitini kwenye nikaha, wanawake kwenye kupamba, na hapana pa kusimama katikati. Katika arusi ya binamu yangu nilikalishwa kwenye mkeka nipakwe hina. Mpakaji alinishika kiganja, akakigeuza kwenye mwanga, akaanza kuchora maua kuanzia kwenye kifundo. Mtu nyuma yangu akasema, "Huyu naye zamu yake inshallah iko karibu." Ukumbi mzima ukaitikia amin. Hawakuitikia kwa ubaya. Waliitikia kwa mapenzi, na ndipo iliponiuma, maana yule waliyekuwa wakimwombea alikuwa mtu mwingine, aliyevaa nguo zangu.

Utotoni madrasa, ustadhi alitufundisha safu za swala ya jamaa: wanaume mbele, kisha watoto wa kiume, kisha huntha, kisha wanawake. Ile safu ya tatu niliishika moyoni miaka mingi. Nilipokua nikaelewa kwamba huntha ni suala la mwili, mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike tu wala ya kiume tu, na sensa ya 2019 iliwahesabu watu hao kwa mara ya kwanza nchini, wakatoka 1,524. Mimi simo. Mwili wangu hauna utata. Ni nafsi yangu isiyokaa pale nilipowekwa. Nalieleza hili kwa sababu dadangu nilipomwambia, hilo ndilo alilouliza kwanza: "Kwani wewe ni huntha?" Nikamjibu la, mwili wangu anaujua, tumeogeshwa pamoja tangu watoto. Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi nieleze polepole, nataka nielewe." Sijawahi kuambiwa neno lililonitua mzigo kama hilo. Kuhusu posa akasema ikivunjika imevunjika, na mimi sitaki ivunjike.

Sheria nayo ipo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 162, inataja kifungo cha miaka 14 kwa kile inachokiita kujamiiana kinyume cha maumbile, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa. Lakini Machi 2018, Mahakama ya Rufani hapa hapa Mombasa ilisema kuwapima washukiwa wa kosa hilo sehemu za siri kwa nguvu ni kinyume cha katiba. Na Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ikaamua kwamba kuwanyima watu kama sisi haki ya kusajili chama chetu ni ubaguzi.

Jioni ya hukumu hiyo ya 2023 nilikuwa sebuleni namimina kahawa. Taarifa ya habari ikaonyesha majengo ya mahakama. Babangu akasema, bila hata kupaza sauti, "Angekuwa wangu mimi, hata jeneza lake nisingeliswalia." Kisha akapokea kikombe mkononi mwangu, akaniambia, "Ahsante, mwanangu."

Sidhani alikuwa mkatili. Hakujua anasema na nani. Ndilo ninalotaka kuwaambia wazazi wanaosoma ukurasa huu. Siwaombi muache dini yenu. Mimi pia naswali. Naomba mjue kwamba mtoto hupima usalama wake kwa yale mnayosema juu ya watu wengine, miaka mingi kabla hajathubutu kufungua kinywa. Mkimtukana mtoto wa jirani anavyotembea, wa kwenu anasikia, na anaweka. Baadaye mtalalamika kwamba aliwaficha.

Na kwenu wadogo zangu mnaopitia haya: hamdaiwi na mtu kusema. Kama bado unalipiwa karo na unalala chini ya paa lao, subiri uwe na chako. Tafuta mtu mmoja wa kuaminika kwanza. Usiyaandike kwenye simu inayoshikwa na nyumba nzima. Na anayekwambia kwamba usipojitangaza unaishi uongo, muulize kama atakupa pa kulala siku hiyo.

Mimi nimeamua kuanza na halati mkubwa, dada wa mamangu. Nilikuwa najiambia nisubiri posa ipite, kisha Ramadhani ipite, kisha Idi ipite, na naona nikienda hivyo nitasubiri hadi nizeeke. Halati ana ukali, lakini ndiye pekee ambaye mamangu humsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na siri za watu humfia kifuani. Dadangu ameahidi kuwapo. Kwa babangu bado sijui nitaanzia wapi, na kwa sasa sijilazimishi kujua. Kwa halati nitaomba jambo moja tu: awe karibu na mamangu siku nitakayomwambia, ili alisikie kutoka kwangu mwenyewe kabla halijamfikia kutoka barazani.

Msomaji, Mombasa