Maswali ya Vito: Rubi, spineli au garneti?

Nimeletewa jiwe ghafi, jekundu linaloelekea waridi, karati 5.40. Dalali wa kwanza anasema ni rubi ya Mahenge, wa pili anasema garneti, wa tatu spineli. Nina lupu (kioo cha kukuzia), tochi na mizani ya karati tu. Nianzie wapi?
*Msomaji, Majengo, Moshi*

Jina la Mahenge halikusaidii hapa. Marumaru ya huko Ulanga inatoa rubi na inatoa spineli pia. Mwaka 2007 pale Ipanko zilipatikana fuwele kubwa ajabu za spineli, moja ikiwa na kilo 52, na tangu hapo kila jiwe la waridi linalong'aa linapachikwa jina la Mahenge hata kama limetoka kwingine.

Anza na umbo. Fuwele ya spineli ina nyuso nane za pembetatu, kama piramidi mbili zilizogusanishwa vitako. Wakati mwingine ni pacha bapa la pembetatu lenye mikato pembeni. Rubi ina pande sita: ama pipa, ama kisahani. Garneti huelekea umbo la mpira, na nyuso zake ni nyingi, mara nyingi 12. Lakini jiwe lililosagwa na mto, kama mengi ya Tunduru na Umba, halina umbo la kusoma, wala kipande kilichovunjika kwa nyundo. Hapo ndipo mizani inapoingia.

Pima jiwe likiwa kavu, uandike. Weka juu ya mizani kikombe kidogo cha plastiki chenye maji na tone moja la sabuni, kiwe chepesi ili usipite kikomo cha mizani, kisha irudishe kwenye sifuri. Lifunge jiwe kwa uzi mwembamba wa nailoni, ulizamishe lote bila kugusa kitako wala ukuta wa kikombe. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo; jibu linaonyesha jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji. Kwa jiwe lako, spineli itasoma karibu 1.50, maana 5.40 kwa 1.50 ni 3.60. Rubi itasoma 1.35, yaani 4.00. Rodolaiti, aina ya garneti ya waridi-nyekundu, itasoma karibu 1.41, yaani 3.83 hivi.

Mambo matatu huharibu kipimo hiki. La kwanza ni viputo vya hewa vilivyong'ang'ania kwenye nyufa. Ndiyo sababu ya sabuni. La pili ni marumaru iliyobaki kwenye jiwe, ambayo ni nyepesi na itaishusha rubi hadi ifanane na kitu kingine. La tatu ni udogo: jiwe la karati moja husukuma maji ya karati 0.28 tu, na mizani ikikosea kwa 0.01 jibu linayumba kati ya 3.4 na 3.7. Chini ya karati mbili usiuze wala usinunue kwa kipimo hiki peke yake.

Ukiweza kuongeza kifaa kimoja, nunua daikroskopu, kimirija cha kutazamia rangi za jiwe katika vidirisha viwili, kabla ya kingine chochote. Rubi huugawa mwanga mara mbili, hivyo kwenye vidirisha viwili utaona rangi mbili: nyekundu ya kizambarau na nyekundu ya kichungwa. Spineli, garneti na kioo vina rangi moja tu kila upande. Zungusha jiwe utazame kutoka pande tatu tofauti angalau, kwa sababu rubi nayo ina mwelekeo mmoja ambamo inaonyesha rangi moja. Wengi hutazama mara moja, wakaitangaza spineli.

Ikibaki spineli na garneti, tumia taa ya urujuanimno ya mawimbi marefu, gizani. Spineli nyekundu au ya waridi yenye kromiamu huwaka nyekundu kama kaa. Garneti hubaki imezima. Kisha weka jiwe kwenye kifuniko cha plastiki kinachoelea majini, usogeze sumaku kali ya neodimia bila kugusa. Rodolaiti itafuata sumaku kwa sababu ya chuma iliyomo. Spineli nyekundu itatulia.

Kukwaruza kioo tunakukataza. Zote tatu hukwaruza kioo, kwa hiyo hujifunzi lolote, na unaweza kuondoka na kona iliyomeguka. Na likitokea kuwa spineli, usilitupe kwa bei ya hasira. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, lililoitwa rubi kwa karne nyingi, ni spineli.

Nilinunua "tanzanaiti" iliyokatwa hapa Arusha, safi kabisa, bei nafuu. Maabara imesema ni spineli ya kutengenezwa. Ningeijuaje mapema?
*Msomaji, Ngarenaro*

Hii ni spineli iliyoyeyushwa kwa moto: unga wa alumina na magnesia unadondoshwa ndani ya mwali wa hidrojeni na oksijeni, na kobalti inatia ubuluu. Imetumika kuiga akwamarini na safaya kwa miaka mingi kabla tanzanaiti haijajulikana.

Daikroskopu ingekuokoa kwa sekunde chache. Tanzanaiti inaonyesha buluu na zambarau. Spineli ni buluu moja tu hata uigeuze vipi. Kwenye rifraktomita, kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, tanzanaiti husoma 1.69 hadi 1.70, spineli hii 1.728. Spineli ya asili husoma karibu 1.718, kwa hiyo namba hiyo inaitenga na ya kiwandani. Pia kwenye polariskopu, kifaa chenye vichujio viwili vya mwanga, spineli ya asili hubaki nyeusi unapoizungusha, ile ya kiwandani inaonyesha vivuli vya mistari inayopishana. Kwa lupu, ya asili mara nyingi ina vijifuwele vya nyuso nane vilivyopangika mstari. Ya kiwandani ni safi mno au ina viputo vya gesi. Usafi mno kwa bei ya kutupa ungetosha kukufanya usite.

Tahadhari nyingine: mawe ya kubandika, vipande viwili vya spineli isiyo na rangi vyenye gundi ya rangi katikati. Litumbukize majini, ulitazame ubavuni. Rangi itaonekana kama utepe mmoja.

Nina mawe meusi mazito yanayonasa kwenye sumaku. Nimeambiwa ni spineli nyeusi. Kweli?
*Msomaji, Mirerani*

Yakirukia sumaku kwa nguvu, hiyo ni magnetaiti, madini ya chuma. Ni ya kundi moja na spineli kwa mpangilio wa atomu, kama zilivyo kromaiti na gahnaiti yenye zinki, lakini si kito cha soko. Likwaruze kwenye mgongo wa kigae kisichopakwa vanishi: magnetaiti huacha mstari mweusi. Ukipima kwa maji itatoka karibu 5.2, spineli nyeusi haifiki 4.

Sonara wangu anaogopa kuiweka spineli kwenye pete. Ana haki?
*Msomaji, Himo*

Kidogo tu. Spineli ina ugumu wa 8 na haina mwelekeo wa kupasuka kirahisi kama tanzanaiti, hivyo inavumilia kubanwa. Achunguze nyufa kwa lupu kwanza, amalize kulehemu kabla ya kuliweka jiwe, na aisafishe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini.