Chambo kibichi hakiingii pochini: kwa anayetaka kushona pochi ya ngozi ya vyambo vya inzi

Mkuu, weka kisu chini. Usiikate hiyo ngozi bado.

Nimesoma mara mbili mpango wako wa pochi ya kubebea vyambo vya inzi, yaani ndoana zilizofungwa manyoya zifanane na wadudu. Nje ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti, ndani kurasa za ngozi ya kondoo yenye sufu yake, ndoana zinachomekwa humo moja kwa moja, na chambo kikishalowa mtoni unakirudisha humo humo "kwa kuwa sufu inanyonya maji". Halafu unauliza unene wa ngozi, aina ya uzi, idadi ya kurasa na namna ya kuifunga. Hayo yanaweza kusubiri. Hilo la sufu kunyonya maji ndilo lililonifanya niache kazi niandike, maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo, nikaamini, nikapoteza vyambo 71.

Pochi yangu ilikuwa imara. Nilitoboa kwa msharasi tundu moja moja, nikashona kwa sindano mbili, kingo nikazisugua mpaka zikang'aa. Msimu mzima nilitembea nayo: navua, nabadilisha chambo, nakichomeka kwenye sufu, nafunga, natia mfukoni. Msimu ulipoisha niliiweka kwenye droo, ikakaa miezi 5.

Siku ya kwanza kurudi majini nilifunga chambo cha namba 14, yaani saizi ya ndoana. Samaki akala, fimbo ikapinda, kisha ikanyooka ghafla. Nikadhani fundo limeachia. Kuvuta mshipi, chambo kipo, manyoya yapo, tundu la ndoana lipo, ila mpindo wote na ncha yake havipo. Nikatoa kingine pochini, nikakibana kwa koleo kidogo tu, kikavunjika. Cha tatu hivyo hivyo. Nikakaa chini kwenye majani nikavijaribu vyote, na asubuhi ile sikuvua tena.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba kwa juu vilionekana vizima kabisa. Kutu ilikuwa imekula sehemu iliyozama ndani ya sufu, pale ambapo macho hayafiki. Miongoni mwao vilikuwemo sita alivyonifungia mzee aliyenifundisha kazi hii, na macho yake sasa hayaoni hata tundu la ndoana. Vile 65 nilivifunga mimi na nilivifunga upya. Vile sita havirudi.

Sasa elewa kilichotokea, kwa sababu ukielewa hutahitaji kuniamini mimi. Sufu inaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake bila vidole vyako kuhisi ubichi. Ndiyo maana inadanganya. Unaigusa unaona kavu, kumbe maji yamo. Kunyonya si kukausha. Maji yametoka kwenye manyoya ya chambo yakaingia kwenye sufu, na ndoana imelala katikati ya sufu hiyo. Kisha unakunja pochi, ngozi inazuia hewa, na joto la mwili wako mfukoni linasaidia kazi.

Ongeza ngozi yenyewe. Ngozi ikitoka kusindikwa hubaki na asidi, iwe imesindikwa kwa magome au kwa kromu, ile dawa ya madini, na unyevu ndio unaoipa asidi hiyo njia ya kufika kwenye chuma. Ukitaka ushahidi, dondoshea maji kwenye kipande cha ngozi ya magome, weka msumari juu yake, kiache usiku kucha. Asubuhi utakuta alama nyeusi inayoelekea buluu. Hiyo ni tanini, ile dawa iliyomo kwenye magome, iliyokutana na chuma, jambo lile lile ambalo kwa karne nyingi lilitumika kutengeneza wino, na mafundi wa ngozi hulitumia makusudi kwa kuloweka vipande vya chuma kwenye siki ili kupata rangi nyeusi ya ngozi. Pochi yangu ilikuwa na madoa hayo kila mahali ambapo ncha ya ndoana ilipenya sufu ikagusa ngozi ya chini. Ilikuwa inaniambia. Mimi niliona uzee mzuri wa ngozi.

Na kama unavua baharini, zidisha. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo sufu yenye chumvi haikauki kabisa mpaka uioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Aliyenipa lile neno la "sufu inanyonya" alikuwa muuza ngozi. Nilimrudia na pochi mkononi na kiganja cha ndoana zilizovunjika. Akazitazama, akaniambia nilinunua ndoana mbaya. Mtu ambaye hajawahi kusimama majini na fimbo hata siku moja! Nina hasira naye mpaka leo, na nina hasira pia na wanaotengeneza video za pochi hizi. Wote huonyesha pochi siku ile ile imemalizika, vyambo vipya vimepangwa kwa rangi, mwanga mzuri. Sijaona hata mmoja akiifungua baada ya mwaka.

Najua mdau atakuja hapa aseme wavuvi wa Uingereza wa karne ya 19 walitumia pochi na walivua vizuri. Ni kweli walizitumia. Lakini angalia chambo chao. Ndoana nyingi za wakati ule hazikuwa na tundu, zilifungiwa moja kwa moja kipande cha mshipi uliotokana na viwavi wa hariri. Kitu kirefu namna hiyo kinahitaji kulazwa, na pochi ikafaa. Ndoana za tundu zilipoenea kuelekea mwisho wa karne ile, visanduku vikachukua nafasi. Pochi ilitokana na umbo la chambo. Hakuna popote panapoonyesha kwamba ngozi ni rafiki wa chuma.

Kwa hiyo sheria ni moja, iandike kwa kalamu kwenye upande wa ndani wa pochi kama itabidi: chambo kibichi hakiingii pochini. Hata kama mvua inanyesha, hata kama samaki wanaruka mbele yako na mikono inatetemeka.

Kitakwenda wapi basi? Kata kipande cha ile ngozi ya kondoo uliyokwisha kununua, ukubwa wa kiganja, ukishone kwenye kofia au kifuani mwa fulana yako ya kuvulia. Hapo sufu inafaa, kwa kuwa ina upepo na jua. Chambo kinakaa nje mpaka ukifika nyumbani, kinalala usiku mahali penye hewa, kesho yake ndipo kinaingia pochini. Pochi nayo iache wazi usiku huo.

Ndani ya pochi weka kurasa za sponji ngumu ya EVA, ile inayotengenezewa kandambili. Vitundu vyake vimejifunga, hainywi maji. Usiishone peke yake, uzi utaichana. Ibandike kwanza kwenye kitambaa kigumu, kisha ushone kupitia kitambaa. Hakikisha unene wake unatosha ili ncha isitokeze kugusa ngozi upande wa pili. Vijino vya ndoana viminye kwa koleo kabla hujaanza kufunga chambo. Vikibaki vitaing'oa sponji vipande vipande, na sufu ndiyo usiseme.

Kingine ambacho hukuuliza: manyoya na sufu ni chakula cha viwavi wa nondo. Pochi ya sufu iliyojaa manyoya ya jogoo, imefungwa, imewekwa gizani miezi kadhaa, hiyo ni karamu. Ukishuku wameingia, itie pochi pamoja na vyambo vyake kwenye mfuko uliofungwa vizuri, ukae kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Viwe vikavu, narudia, viwe vikavu.

Na vyambo vinavyoelea, vile vyenye manyoya ya shingo ya jogoo yaliyosimama kuzunguka ndoana, usivitie pochini kabisa. Vitalaliana. Vikishalaliana, mvuke wa birika utayainua manyoya, lakini hiyo ni kazi ya kujitakia. Vitafutie kisanduku.

Unene: nje milimita 1.5 hadi 2, ndani milimita 1 inatosha. Uzi chukua wa poliesta uliopakwa nta, maana wa kitani ukilowa mara kwa mara huoza. Unapobandika tabaka la ndani, libandike pochi ikiwa imekunjwa, la sivyo siku ya kwanza ukiikunja litajaa makunyanzi.

Kama bado hujakata, piga picha ya karatasi yako ya vipimo uiweke hapa, hasa upana wa mgongo pale inapokunjwa na sponji ikiwemo. Nitaangalia leo usiku.