Jibu: Je, kazi ya ikolojia ya idadi ya wanyama ina maisha hapa Malindi?

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu ataajiriwa kwa kazi hii au ni kuzurura porini tu. Mimi nimeifanya miaka mingi, zaidi kwenye mikoko ya Mida, hori ya bahari pale Watamu, nikifuatilia kaa koko.

Porini utaenda, lakini kazi yenyewe ni hesabu. Kaa hakai juu umhesabu, yuko shimoni. Kwa hiyo unawashika, unawatia alama, unawaachia, halafu unarudi kushika tena. Tuseme ulitia alama kaa 40, ukarudi ukashika 50, na 10 kati yao wana alama, yaani mmoja kwa kila watano, basi wale 40 nao ni sehemu ya tano ya wote. Zidisha 40 kwa 50, gawanya kwa 10: wako kama 200. Mtafiti Frederick Lincoln wa Marekani alikadiria mabata hivyohivyo mwaka 1930.

Ugumu uko kwenye masharti. Alama isipotee, na wanyama wasihame. Sasa kaa akikua hujivua gamba! Ukimpaka rangi mgongoni, rangi itabaki kwenye gamba tupu, naye ukimshika tena utamwona mgeni. Hesabu inavimba, unawatangazia watu kaa ni tele kumbe wanakwisha. Na jike akibeba mayai hutoka Mida kwenda bahari kuu, kwa hivyo usipojua msimu wake utadhani amekufa.

Haya mengi utayasikia kwa wavuvi kabla ya chuo. Maji ya bamvu yakitoka, mzee huinama kwenye mdomo wa shimo, akaona tope bichi limesukumwa nje, akajua kaa yumo kabla hajaingiza kijiti chake cha ndoano. Keti na wavuvi hao, waulize, waheshimu. Takwimu zisizopita kwao siziamini.

Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kiko karibu nawe. Ukiingia, shikilia takwimu kuliko somo lolote, na ujifunze R, programu ya kompyuta ya takwimu, ni ya bure. Ajira nyingi ni za mkataba wa mradi, na fedha zikiisha nawe umeisha, jipange kwa hilo. Walio na takwimu nzuri ndio huitwa tena.

Ukifika hatua ya utafiti wako, omba mapema kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na uwaone KWS, shirika la wanyamapori, pia, maana Mida imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu.