Kilo 49 kwa sentimita 158: mbona hedhi haijarudi?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili hapa Mwanza. Januari alikuwa na kilo 58, urefu sentimita 158. Wenzake wakaanza kumwita bonge. Akaacha ugali, makande ya shuleni akawa anawagawia rafiki zake, asubuhi ni maji ya moto na limao. Kwenye begi lake nimekuta majani ya chai ya kupunguza tumbo. Sasa ana kilo 49 na mwezi wa tatu huu hajaziona siku zake. Kipimo cha mimba tumefanya, hana. Mhudumu aliyempima alipiga hesabu ya BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, akasema uzito uko sawa kabisa. Kama uko sawa, hedhi imeenda wapi? Na kwa urefu huo anatakiwa awe na kilo ngapi? – Mama, Buswelu

JIBU: Mama, mimi ni afisa lishe, huo udaktari umenipa bure. Ila swali lako limegonga penyewe.

Hesabu ya mhudumu haina kosa. Kilo 49 ukigawanya kwa 1.58 mara 1.58 unapata 19.6. Chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007 zinaweka katikati ya wasichana wa miaka 15 kwenye 20.2, wembamba wa kutia shaka uko chini ya 15.9, na uzito uliozidi unaanza juu ya 23.5. Sasa piga na ya Januari: kilo 58 zinatoa 23.2. Kwa hiyo siku anaitwa bonge alikuwa ndani ya mstari, na kiafya hakuwa na hata kilo moja ya kupunguza.

Tatizo ni kusoma namba ya leo peke yake bila kuuliza ilikotoka. Amepoteza kilo 9 kati ya 58, zaidi ya asilimia 15, ndani ya miezi michache. Mtoto anayekua akipoteza hata asilimia 10 kwa haraka hivyo, anahitaji kuonwa na daktari, hata kama ukimtazama anaonekana wa kawaida tu.

Hedhi imezimwa, na aliyeizima ni ubongo wake. Kuna sehemu ndogo ndani humo, haipothalamasi, inayotuma ishara za kuamsha ovari. Chakula kikipungua sana inahesabu kwamba huu si wakati wa kubeba mimba, inakata ishara. Ovari zinalala, homoni ya estrojeni inashuka. Wengi husema, si akianza kula itarudi? Itarudi, lakini mifupa haikusubiri. Msichana huwa amejenga karibu asilimia 90 ya mifupa yake anapofika miaka 18, na estrojeni ni mmoja wa mafundi wakubwa wa kazi hiyo. Miezi ambayo fundi hayupo, si yote inayofidika baadaye.

Mzunguko kuyumba miaka miwili ya kwanza baada ya kuvunja ungo si jambo la kutisha. Zikipita siku 90 bila kitu, apimwe. Na hapo naomba daktari naye asikimbilie kulaumu dayati: kukonda kuna kifua kikuu, kuna kisukari, kuna tezi ya shingo, na sisi wa kandokando ya ziwa tuna kichocho na minyoo. Vyote hivyo viondolewe kwanza kwa vipimo.

Hayo majani ya chai yatupeni leo. Mengi ya aina hiyo yana sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshanyonywa huko nyuma kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, pamoja na potasiamu ambayo moyo unaitegemea ili upige sawasawa. Ndiyo maana ukiyanywa, mizani ya wale vijana wa barabarani inasoma pungufu, kesho kutwa kilo imerudi.

Kabla hamjaenda hospitali, fanya hiki: asubuhi akiwa bado kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake uhesabu mapigo dakika nzima. Yakiwa chini ya 50, au akizimia, au kama anajitapisha, au siku kadhaa hajaweka kitu tumboni, msisubiri miadi, nendeni siku hiyo hiyo. Mtoto wa namna hiyo hata kulishwa tena kunahitaji usimamizi. Dalili nyingine naiona mara kwa mara: binti anavaa sweta mchana wa Mwanza, mikono ya baridi.

Kuhusu kilo ngapi: sitakupa namba, kwa sababu ataing'ang'ania. Uzito wake ni ule ambao hedhi itarudi na kukaa. Huenda ukawa karibu na alipotoka, na utaendelea kupanda kidogo kwa sababu bado anakua.

Usidhani ni ukaidi wa mtoto. Australia, kwenye jimbo linaloitwa Victoria kama ziwa letu, wanafunzi karibu 2,000 walifuatiliwa kuanzia umri wa miaka 14 na 15. Wasichana waliojinyima vikali walikuwa na uwezekano mara 18 zaidi wa kupata ugonjwa wa ulaji ndani ya miezi sita kuliko wasiojinyima. Na Fiji, ambako mwili uliojaa ulikuwa sifa kama kwa bibi zetu, televisheni iliingia 1995. Kufikia 1998 asilimia 11 ya wasichana waliohojiwa walikuwa wanajitapisha ili wapungue. Kabla yake hakuna aliyekiri kufanya hivyo. Shangazi akija kutoka Magu akasema "umenawiri", binti wa leo anasikia "umenenepa". Mwombe shangazi asalimie tu, mwili auache. Na wewe usimsifu kwa kukonda wala usimtishe. Mwambie unachokiona: huli, una baridi, siku zako zimekatika, twende wote. Kama hofu ya kunenepa haimwachi, idara ya afya ya akili pale hospitali ya Bugando ni sehemu ya tiba, haina maana amerukwa na akili.

Mezani, mle naye. Milo mitatu na vitafunwa viwili, ugali ukiwemo. Michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na maziwa ya mgando yanafaa sana saa kumi. Umri wake unahitaji madini ya chuma miligramu 15 kwa siku, mvulana wa rika lake 11, na tofauti hiyo ni kwa ajili ya damu ya kila mwezi. Dagaa wa soko la Mwaloni, kwa kuwa tunawala na mifupa yao, wanampa chuma na kalisi, madini ya mifupa, kwa pamoja. Limao alilolizoea usimnyang'anye: likamuliwe juu ya hao dagaa, maana vitamini C inausaidia mwili kuinyonya chuma ya mboga za majani mliyopika pembeni. Chai ya rangi ndiyo isogezwe, inywewe saa nzima baada ya kula.