Ukienda Mafia, tazama mwezi kwanza

Sisi wa Dar tukisikia kisiwa cha Mafia tunawaza hoteli za Utende na bei zake za dola, tunaghairi, tunaishia zetu Kigamboni. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka siku niliyopanda gari Mbagala Rangi Tatu kwenda Nyamisati, nikavuka kwa boti ya abiria hadi Kilindoni, nimebanwa kati ya mama mwenye ndoo za plastiki na kijana mwenye godoro.

Nilikosea kitu kimoja: tarehe. Nilichagua wikiendi iliyonifaa mimi, ilhali nilitaka kufuatana na akina mama wa Chole, kisiwa kidogo mbele ya Utende, wakienda kuchokoa pweza. Asubuhi nikatoka gesti, daladala hadi Utende, kisha mashua ya wanakijiji. Nikamkuta bibi barazani anasuka ukili.

"Shikamoo bibi. Pweza leo mnaenda saa ngapi?"

Akacheka mpaka ukili ukamponyoka. "Marahaba mwanangu. Maji mafu haya, pweza utamfuata wapi?"

Basi kabla hujaomba ruhusa kazini, tazama mwezi. Ukiandama, na tena ukipevuka, ndipo kuna bamvua: maji hutoka mbali, na mnamo saa nne asubuhi miamba iko wazi, watu wamejaa huko na fito zao. Siku za katikati, ndiyo maji mafu ya yule bibi, bahari haitoki kitu. Vyombo vidogo navyo hufuata maji, kwa hiyo usipange kurudi Jumapili jioni wakati Jumatatu una kikao.

Pweza nilimkosa, nikaangukia kwa mafundi wa mashua. Nilikaa kivulini nusu siku nikitazama kalafati. Fundi anachovya pamba kwenye mafuta, anaisokota, anaipigilia kati ya mbao kwa patasi butu. Mlio ukibadilika, anajua pamejaa. Nikaomba nijaribu. Akanipa nyundo, akaniacha nimalize kama shubiri mbili, kisha akaing'oa pamba yangu yote bila kusema neno.

Mengine ni madogo. Beba fedha taslimu, na kitambulisho, maana njiani kwenda Utende kuna geti la Hifadhi ya Bahari na Mtanzania ana kiingilio chake. Kijijini vaa nguo ya kusitiri. Bukta iishie ufukweni. Ukitaka kuona papa potwe, yule papa mkubwa asiye na madhara kwa watu, nenda kati ya Oktoba na Machi, wanaonekana hapo hapo Kilindoni.

Bamvua lijalo linaangukia katikati ya wiki. Ruhusa nimeshaomba, bosi hajajibu.